Kumfundisha mtoto kiziwi mwenye ulemavu wa ziada alama zake za kwanza: mwongozo kamili wa kalenda ya vitu

Swali hili linarudi kila muhula, kutoka kwa walimu wa vitengo maalumu, wazazi na hata matroni wa mabweni: "Nimemwonyesha alama ya KULA tangu mwezi wa kwanza. Viziwi wenzake waliishika ndani ya siku mbili. Huyu ananitazama tu, wakati mwingine hata hanitazami. Nifanyeje?" Ukidadisi kidogo unaambiwa mtoto huyo pia haoni vizuri, au ana mtindio wa ubongo (hitilafu ya ubongo inayofanya misuli isitii), au anajifunza polepole mno, au vyote hivyo kwa pamoja.

Mara nyingi tatizo si kwamba mtoto hafundishiki. Alama imemfikia kabla hajajua kuna jambo la kusemwa. Mtoto kiziwi mwenye macho mazima huokota mengi bila kufundishwa: anaona sufuria ikitolewa jikoni, anaona wenzake wakipanga foleni, anajua uji umeiva. Mtoto ambaye hasikii na pia haoni vizuri, au hawezi kugeuza shingo, au anachelewa kuunganisha tukio moja na jingine, mambo humwangukia tu. Anabebwa, anaogeshwa, analishwa, analazwa, na hakuna aliyemtaarifu. Kabla ya alama anahitaji siku inayotabirika.

Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo moja: kumtoa mtoto asiye na mawasiliano yanayoeleweka mpaka ajue kinachofuata, achague, akatae, na awe na alama mbili tatu za kwake. Chombo chetu ni kalenda ya vitu, yaani vitu halisi vilivyopangwa kwa mfuatano, kila kimoja kikimwambia shughuli inayofuata. Usipange kumaliza kwa wiki mbili. Kwa watoto wengi ni kazi ya muhula mzima, na kwa mtoto kiziwi asiyeona inaweza kuchukua mwaka.

## Mahitaji

Kusanya hivi kwanza. Ukianza na nusu yake utabadilisha njia katikati, na kubadilisha njia ndiko kunakowapoteza watoto hawa.

- Watu wazima wawili, basi: mmoja mkuu na mmoja wa kumshikia zamu. Watu watano wanaopokezana hawafai katika miezi ya mwanzo.
- Vitu halisi vinne kutoka katika maisha ya mtoto mwenyewe. Namna ya kuvichagua iko Hatua ya 4.
- Kalenda: vibakuli vitatu vya plastiki vilivyofungwa kwa waya juu ya ubao, au katoni imara iliyogawanywa vyumba vitatu kwa vipande vya boksi.
- Kapu la "imekwisha". Liwe tofauti kabisa na kalenda kwa kuguswa. Kapu la ukindu linafaa sana.
- Kiti na meza vinavyomfaa, pamoja na kanga au mablanketi ya kukunja kwa ajili ya kumkingia pembeni.
- Nguo ya juu isiyo na maua wala michoro, ya rangi inayotofautiana na ngozi ya mikono yako. Kwa wengi wetu ni rangi nyepesi kama bluu ya maji au krimu.
- Kitu cha kukutambulisha wewe: bangili, saa ya mkononi, au ushanga mmoja utakaouvaa kila siku.
- Daftari, na simu ya kurekodi video fupi.

Picha, kadi za herufi na vitu vya kuchezea vyenye taa viweke kabatini kwa sasa. Picha ni karatasi laini kwa asiyeona, na kwa mtoto aliye katika hatua za mwanzo kabisa haihusiani na kitu chochote anachokijua.

## Hatua ya 1: Jua anaona nini, anasikia nini na mwili wake unaweza nini

Watoto hawa si wachache kama tunavyodhani. Nchini Marekani, takwimu zilizokusanywa kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Gallaudet, ambacho ni cha viziwi, zimeonyesha kuwa takriban wanafunzi 40 kati ya 100 viziwi na wenye usikivu hafifu wana hali nyingine ya ziada. Darasani kwako huenda yuko mmoja ambaye ameandikwa "kiziwi" peke yake kwenye fomu, na hilo ndilo ulilokuwa ukilifundisha.

Muulize mama au mlezi jinsi uziwi ulivyoanza, maana chanzo hukuelekeza pa kuangalia.

Ikiwa mama aliugua rubela akiwa na mimba changa, angalia macho (mtoto wa jicho ni jambo la kawaida hapo) na uliza kuhusu moyo. Ikiwa ni homa ya uti wa mgongo, tazama usawa wa kutembea na dalili za kifafa. Manjano makali ya siku za kwanza za maisha yanaweza kuacha uziwi pamoja na mtindio wa ubongo wa aina ambayo mikono na uso hujisogeza vyenyewe bila mtoto kutaka. Na kama mtoto alizaliwa kiziwi, akachelewa sana kutembea, na sasa anajikwaa jioni au anagoma kutoka nje gizani, mpeleke kwa daktari wa macho haraka. Hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa Usher, ambao hupunguza uoni kidogo kidogo ukianzia pembeni na usiku.

Vipimo vya hospitali vina nafasi yake, lakini vyako vya darasani vina nafasi pia. Shika kijiko kinachong'aa kwenye mwanga mzuri, kisogeze polepole kulia, kushoto, juu na chini, kwa umbali mbalimbali. Andika ni wapi macho yanakifuata na ni wapi yanakipoteza. Piga ngoma upande wake, halafu iweke miguuni aguse mtetemo. Angalia ni mkono upi anaoupeleka kwenye kitu kwanza.

Tafuta pia vile visivyoonekana kirahisi. Mtoto anayekodoa macho ghafla kwa sekunde chache, anaacha anachofanya, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda si mzembe. Hiyo inaweza kuwa kifafa, na mtu wa hospitali anatakiwa kujua. Kama anatumia dawa za kifafa, uliza zinamlaza saa ngapi, ili usipange somo lako hapo.

Tahadhari. Akipata degedege: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimwekee chochote mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali.

Hatua hii imekamilika unapoweza kuandika sentensi tatu bila kubahatisha: anaona hivi, anasikia hivi, mkono wake mzuri ni huu.

## Hatua ya 2: Mkalishe vizuri

Mtoto anayepigana asianguke hana akili ya kubaki kwa ajili yako. Makalio yaguse nyuma ya kiti, nyayo zikanyage sakafu au ubao, meza ifike usawa wa viwiko. Kunja kanga uziweke pande mbili za kiuno kama anaelemea upande. Asiyeweza kiti akae sakafuni kwenye kona ya ukuta, kona imshike mabega.

Dirisha liwe nyuma yake au ubavuni, lisiwe nyuma yako. Ukisimama na dirisha mgongoni, unachompa ni kivuli cheusi chenye mikono.

Umbali hutegemea aina ya uoni. Mwenye ukungu machoni msogelee, hata nusu mita. Mwenye uoni wa tundu dogo katikati, rudi nyuma hatua mbili tatu na ufanye alama zako karibu na kidevu na kifua, katika eneo finyu. Wengi humsogelea kila mtoto asiyeona vizuri, na kwa huyu wa pili wanajikuta wamesimama nje kabisa ya kile anachoweza kuona.

## Hatua ya 3: Jitambulishe kila mara kwa njia ileile

Fika, gusa bega au upande wa mkono wake kwa kiganja chote, kaa hapo sekunde kadhaa. Usimshtue kwa vidole na usimshike uso. Kisha telezesha mkono wako chini hadi kwenye mkono wake, umpe bangili yako aiguse. Bangili ndiyo jina lako. Unapoondoka, mgusishe bangili tena, kisha mpungie kwa mkono wake ukiwa juu ya wako.

Mtu wa pili awe na kitambulisho chake, tofauti. Kama wewe una bangili ya shaba laini, yeye avae ushanga.

Katika wiki chache utaona mabadiliko: mtoto aliyekuwa anakakamaa akiguswa analegea, au mkono wake unaanza kutafuta kifundo cha mkono wako. Hapo tayari amekutaja. Iandike kwenye daftari na tarehe.

## Hatua ya 4: Chagua shughuli na vitu

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua shughuli tatu au nne zinazotokea kila siku, saa ileile, na angalau mbili kati yake mtoto awe anazipenda. Uji wa asubuhi, bembea, kuoga, kulala. Usiweke "kusoma" kwa sababu tu mkaguzi anakuja.

Kila shughuli ipate kitu kimoja. Kanuni ya kwanza: kiwe kile anachokigusa *yeye* ndani ya shughuli hiyo. Kwa bembea, wewe unafikiria mbao ya kukalia, lakini mikono yake inashika kamba. Basi kipande cha kamba ileile. Kwa kuoga, kipande cha dodoki. Kwa kulala, pembe iliyokatwa kwenye blanketi lake lililochakaa, na si blanketi jipya la stoo.

Kanuni ya pili: kisiwe kitu cha kuigiza. Gari dogo la plastiki halifanani na basi kwa mtoto ambaye hajawahi kuliona basi kwa umbo lote. Basi kwake ni chuma baridi cha kushikia, mtetemo na harufu. Ngozi bandia ya kiti, au mkanda wa begi lake la safari, utamwambia "tunakwenda nyumbani" kuliko kigari chochote.

Kanuni ya tatu inasahaulika zaidi: vitu visifanane kwa kuguswa. Katika bweni moja mtoto wa kike kiziwi asiyeona alikuwa akipewa kikombe chake cha plastiki ili aende kwenye uji, naye anaelekea chooni. Walimu walikwisha kuandika "haelewi". Matroni ndiye aliyefumba macho akashika kikombe, kisha akashika kopo la maji ya chooni: vyote plastiki nyembamba, vyote na mpini upande mmoja, na ukubwa unakaribiana. Mtoto alikuwa akielewa vizuri kabisa. Walibadilisha kikombe kikawa cha bati chenye mdomo uliokunjwa, na ndani ya siku chache mkanganyiko ukaisha. Fumba macho, gusa vitu vyako vyote vinne kwa sekunde moja moja. Ukibabaika hata kidogo, badilisha kimoja.

Kwa mtoto anayeona, angalia rangi badala ya kugusa: kikombe cheupe juu ya meza nyeupe hakipo.

Tahadhari. Asiyeweza kuacha kutia vitu mdomoni asipewe shanga, vifuniko vya chupa, sponji linalokatika wala kamba ndefu.

## Hatua ya 5: Endesha shughuli nzima kwa mpangilio uleule

Tuchukue uji. Mpangilio wote, tangu mwanzo hadi mwisho, ni huu:

1. Salamu na bangili.
2. Mpe kikombe chake akiwa bado darasani. Mikono yenu pamoja ikizunguke kikombe, ndani na nje.
3. Nendeni pamoja hadi mahali pa uji, kikombe kikiwa mkononi mwake. Kama anabebwa au yuko kwenye kiti cha magurudumu, kikombe kikae mapajani, mkono wake juu yake.
4. Uji umiminwe kwenye kikombe *hichohicho*. Mguso wa joto nje ya kikombe, harufu, kisha anywe.
5. Ukiisha, mgusishe ndani ya kikombe kitupu.
6. Kikombe kisuuzwe, mrudi nacho, akitumbukize mwenyewe kwenye kapu la ukindu. Mikono yenu ipanguse hewani: imekwisha.

Kitu lazima kitangulie shughuli kwa muda mfupi, na mwanzoni kisitangulie kwa zaidi ya dakika moja. Ukimpa kikombe saa mbili na uji ukaja saa nne, umemfundisha kwamba kikombe hakina maana.

Usiruke namba 6. Mtoto ambaye hajui mambo yanaisha hulia yanapokatizwa, na wengi wa watoto wanaoitwa wakorofi wanalilia shughuli iliyonyang'anywa bila maelezo.

Tahadhari. Kwa mwenye mtindio wa ubongo anayekohoa au kupaliwa anapokunywa, usitumie uji kama shughuli ya kwanza mpaka mtaalamu wa viungo au wa ulaji amtazame. Kwa vyovyote asinyweshwe akiwa amelala au kichwa kimeangukia nyuma.

Dalili ya ushindi ni ndogo na huja kimya: akishika kikombe, mdomo unafunguka, au mwili unaelekea mlangoni, au analamba midomo, *kabla* harufu ya uji haijafika. Mimi huhesabu hatua hii imekamilika nikiliona jambo hilo siku nne kati ya tano za wiki. Kabla ya hapo usiongeze kitu cha pili.

## Hatua ya 6: Simama, usubiri

Akishaanza kutarajia, katiza mpangilio mahali pamoja tu. Kwenye bembea: msukume mara tatu, nne, halafu simamisha. Mikono yako ibaki imegusa kamba karibu na mikono yake, ajue hukuondoka. Usimwambie kitu. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano. Kwa mwenye mtindio wa ubongo hesabu hadi thelathini, maana kati ya kutaka na kusogeza msuli kuna safari ndefu.

Ni vigumu. Mikono ya mwalimu huwasha, na karibu kila mtu huvunja ukimya kwenye sekunde ya nne. Ukirekodi video utajiona. Watoto hawa wamezoea kufanyiwa kila kitu, na ukiwahi unathibitisha kwamba hakuna haja ya wao kuanza.

Unasubiri nini? Chochote. Kiwiliwili kinachojisukuma mbele, kidole kinachogonga kamba, sauti, jicho linalokuja upande wako. Chochote kitakachotokea kichukue kama sentensi kamili, "endelea", na usukume bembea papo hapo. Kesho akifanya tena hivyo hivyo, umepata neno lake la kwanza. Halimo kwenye kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania, na haidhuru.

## Hatua ya 7: Leta alama, mkono wako ukiwa chini

Sasa, na si mapema zaidi, inakuja alama ya kweli. Uliza mtu mzima kiziwi akuonyeshe alama inayotumika katika eneo lenu. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, ina matawi mikoani, na nchini Kenya jamii ya viziwi itakupa alama ya Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo si ileile. Usibuni yako wakati ya watu ipo. Mtoto huyu atakua, na atakutana na viziwi wengine.

Kwa mtoto anayeona vya kutosha, mwonyeshe kitu, fanya alama karibu na kitu hicho akiwa anakitazama, mpe kitu. Katika utaratibu huohuo kila siku.

Kwa asiyeona, alama inafundishwa kwa kugusa, na namna ya kugusa ndiyo kila kitu. Usiushike mkono wake ukaukunja kuwa alama. Weka mkono wako *chini* ya wake, viganja vyake vikae juu ya mgongo wa mkono wako kama abiria, kisha fanya alama wewe. Yeye anafuata mwendo akiwa huru kujiondoa. Mkono unaoshikwa kwa nguvu hujifunga ngumi, na baada ya miezi michache mtoto anakuwa mkali kila akiguswa mikono. Kwa asiyeona mikono ndiyo macho. Kuyakamata ni kama kumfumba.

Mpangilio ni: kitu mkononi, alama mikono yake ikiwa juu ya yako, sekunde kumi za kusubiri, kisha shughuli. Alama moja tu kwa kipindi kirefu. Mimi hupenda kuanza na "zaidi" ndani ya bembea au "kunywa" ndani ya uji, kwa sababu malipo yake yanakuja hapohapo.

Kwa mwenye mikono isiyotii, kubali sehemu ya alama. Kama "kunywa" kwake ni ngumi inayofika kidevuni badala ya kikombe kinachofika mdomoni, ndiyo hiyo. Irekodi kwa simu, sekunde tano, na kila anayemhudumia aione. Kama mikono haiwezi kabisa, tumia macho: shika vitu viwili mbele yake vikiwa vimetengana kama urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole, na soma jicho linatua wapi. Hakikisha kwanza, kutoka Hatua ya 1, kwamba pande zote mbili anaziona.

Mafanikio hapa yana ngazi tatu: anafuata mwendo wako; anaanza mwendo ukimpa kitu tu; anafanya alama bila kitu. Ya tatu ikitokea hata mara moja, katikati ya usiku bwenini, mpeni anachoomba.

## Hatua ya 8: Panga kalenda

Vitu viwili vikishaeleweka, viweke kwenye vibakuli viwili kutoka kushoto kwenda kulia. Mpitisheni mkono: hiki, halafu hiki. Achukue cha kwanza, mwende, mrudi, kiingie kapuni. Sasa aguse kibakuli cha kwanza kitupu, kisha cha pili.

Kibakuli kitupu ndicho kinachofundisha "imepita". Usikijaze mapema.

Kitu cha tatu kiongeze baada ya wiki kadhaa. Usivuke vitatu mpaka mtoto aanze mwenyewe kutembeza mkono kwenda kibakuli kinachofuata. Kama ratiba itavunjika, kwa mfano mvua imenyesha na bembea haiwezekani, mwende kwenye kalenda pamoja, atoe kamba, aitumbukize kapuni, muweke kitu kingine mahali pake. Atakasirika. Bado ni bora kuliko kumwacha asubiri kisichokuja.

## Hatua ya 9: Kuchagua, na kukataa

Mpe vitu viwili, kimoja anachokipenda na kimoja asichokijali. Anachogusa kwa muda mrefu zaidi, mkifanye. Badilisha pande kila mara, maana baadhi hugusa cha kulia daima kwa kuwa ndipo mkono unapofika.

Kisha mfundishe kukataa, na hili lipewe uzito uleule. Kusukuma kitu mbali ni "sitaki". Mfundishe kukisukuma kwa utulivu badala ya kukirusha au kujiuma, na akisukuma, heshimu. Mambo ya lazima, kama dawa, usiyageuze kuwa uchaguzi wa uongo. Mpe kitu kinachowakilisha dawa, mpitishe kwenye utaratibu, mmalize.

Mtoto asiyesikia, asiyeona na asiyeweza kusema hapana yuko katika hatari kubwa ya kudhuriwa na watu. "Sitaki" inayoheshimiwa na watu wazima wote wa shule ni sehemu ya ulinzi wake. Kwa sababu hiyo pia, kazi yote ya kugusa ifanyike mahali pa wazi, mikononi na mabegani, na mzazi aelezwe mapema ni ya nini.

## Hatua ya 10: Andika, kisha ukabidhi

Safu nne kwenye daftari zinatosha: tarehe, kitu, alichofanya, msaada aliopewa (kamili, kidogo, hakuna). "Leo alikuwa mzuri" haisaidii mtu. "Alishika kamba, akajisukuma mbele baada ya sekunde 12, bila msaada" inasaidia.

Andaa pia ukurasa mmoja kwa maneno ya mtoto mwenyewe: *Hivi ndivyo ninavyoona. Niguse hapa kwanza. Hivi ni vitu vyangu. Nikifanya hivi, maana yake ni hivi. Hiki kinaniogopesha.* Nakala moja ibandikwe bwenini, moja iende nyumbani kwenye begi pamoja na vitu vyenyewe, moja ikae faili lake. Nchini Kenya, ambako mtaala wa umilisi una njia ya kusonga kwa hatua badala ya kwa darasa na umri, kumbukumbu za namna hii ndizo zinazoonyesha mtoto amesogea.

Wikiendi na likizo ndizo zinazobomoa kazi. Mlezi hahitaji semina: akija kumchukua mtoto, akae naye kwenye uji mara moja akiongozwa nawe, mikono yake ndiyo imwongoze mtoto, wewe utazame. Nyumbani aendeleze kitu kimoja tu.

## Ukikwama

Anatupa kila kitu. Huenda hajui pa kukiweka. Lete kapu karibu, mkono wake uingie nacho. Kama bado, shughuli yenyewe haipendi. Badilisha shughuli kwanza.

Alijua, sasa amesahau. Kabla ya kumrudisha nyuma, angalia masikio kama yanatoa usaha, meno, macho, dawa mpya, usingizi. Mtoto asiyeweza kusema anaumwa husema kwa kuacha kufanya. Kama anatumia shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), kagua betri na bomba lake pia.

Anafanya kwangu tu. Ndiyo sababu kuna mtu wa pili. Fanyeni wote wawili pamoja kwa wiki moja, kisha wewe ukae pembeni, kisha utoke.

Anatarajia, lakini alama haiji kabisa. Rudi Hatua ya 6 ukatafute mwendo anaoufanya tayari. Kisha chagua alama iliyo karibu na mwendo huo, hata kama si ile uliyoipanga.

Mkuu wa shule anataka herufi. Mwonyeshe daftari na video mbili, ya wiki ya kwanza na ya sasa. Kama unahitaji kuona kazi hii ikifanyika, omba kutembelea kitengo cha viziwi wasioona cha shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, au ukiwa Kenya shule ya viziwi wasioona ya Kabarnet. Kwa mafunzo ya ualimu, chuo cha Patandi, Arusha, na KISE (taasisi ya Kenya ya elimu maalumu), Nairobi, ndipo pa kuanza kuuliza. Nenda na video za mtoto wako, ukiwa na ruhusa ya mzazi, na uulize kuhusu mtoto huyo mmoja.